Mwisho wa Wimbo wa Bibi

Nyumbani kwao Chiriku hapakuhitajika saa ya kuamsha watu. Baba ndiye alikuwa wa kwanza. Alisimama uani na kikombe cha maji, akasukutua, akatema, kisha akashusha ile sauti yake nene mpaka vikombe vya bati vikatetemeka mezani. Angalau ndivyo Chiriku alivyodai. Mama alimjibu kutoka chumba cha mbele, ambako alikuwa ameshaketi kwenye cherehani. Yeye alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakuimba maneno. Alivumisha tu kwa pua huku miguu ikikanyaga cherehani kwa mapigo ya wimbo.

Kifungo, kitindamimba wa nyumba, alipiga sufuria kwa mwiko. Aliitwa Kifungo tangu siku alipomeza kifungo cha shati la mteja, na mteja akakiulizia wiki nzima. Na Chiriku mwenyewe, msichana wa darasa la sita ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alipanda juu ya sauti zote hizo akiwa na mswaki mdomoni. Kuimba na mswaki mdomoni si jambo rahisi. Povu lililobaki kwenye kioo lilikuwa ushahidi.

Kila Jumamosi alasiri familia kadhaa za mtaa zilikusanyika katika ukumbi ulio kando ya kanisa. Watoto waliketi mbele kwenye mikeka, wazazi nyuma kwenye mabenchi. Waliimba nyimbo za injili, halafu nyimbo za wazee: za kubembeleza watoto, za kutwanga, za kuchezea mvua. Hapakuwa na kiingilio wala jukwaa. Palikuwa na gitaa la baba, ngoma moja, na kinanda cha zamani kilichofunikwa kitambaa.

Chiriku alikuwa ameuona ukumbi ule tangu akibebwa, lakini bado ulimshangaza. Watu waliokuja pale aliwajua vizuri. Yule muuza mkaa aliyekuwa akigombana na kila mtu foleni ya maji. Yule karani wa posta aliyesema kwa kunong'ona kama anaogopa kumwamsha mtu. Yule mama wa duka asiyecheka kamwe. Lakini wakisimama pamoja na kufungua vinywa, kila mmoja akishika sauti yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kilitokea kitu ambacho hakuna mmoja wao aliyekuwa nacho peke yake. Chiriku alisikia vinyweleo vya mikono vikisimama. Alimtazama muuza mkaa akiimba amefumba macho, na akajiuliza ugomvi wote ule huwa anauweka wapi.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu. Alipotaka sauti ipande, yeye mwenyewe alipanda kwanza, akisimama kwa ncha za vidole vya miguu. Alikuwa mpole kwa mambo mengi, isipokuwa sharti moja. Yeyote aliyeleta wimbo wa wazee alipaswa, kabla ya kuuimba, kusimama na kusema ameupokea kwa nani. "Nimeupokea kwa babu yangu, fundi viatu." "Nimeupokea kwa mama wa jirani." Hata kama ni mtoto mdogo, na hata kama kila mtu ukumbini anajua, lazima aseme.

"Nyimbo hizi hazikuandikwa popote," mwalimu aliwaambia. "Zimekuja kwa midomo ya watu. Ukimsahau mtu, ujue na wimbo uko njiani kupotea."

Siku moja mwalimu alitangaza kwamba mwisho wa mwezi wataalika familia za mitaa mingine, waje na watoto wao. Kila nyumba ilete wimbo mmoja wa wazee ambao haujawahi kuimbwa ukumbini.

Nyumbani, mama alitoa pini mdomoni, jambo alilolifanya tu akiwa na neno zito.

"Uko wimbo wa bibi yenu," alisema. "Ule wa kulalia. Alitulea nao sisi sote."

Akaimba, kwa sauti ndogo:

*Tulia, mwana, tulia,*
*jua limefunga kazi,*
*kuku wamepanda fito,*
*nawe uko mgongoni.*

Kisha akanyamaza.

"Halafu?" Chiriku akauliza.

"Halafu sijui," mama akasema, akacheka. "Hapo ndipo nilipokuwa nalala."

Waliuliza kwa mama mdogo, mdogo wake mama. Naye alijua mistari ile ile minne. Mjomba naye vilevile. Wote walikuwa wamelelewa na wimbo ule, na wote walikuwa wamelala mahali pale pale. Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Ukoo mzima!" alisema. "Hakuna hata mmoja aliyekesha kidogo?"

"Basi aliyebaki ni bibi mwenyewe," mama akasema. "Chiriku, nenda kwake ukaupokee. Mimi nilikuwa nimepanga niende nikakae naye siku mbili tatu, nimuulize polepole, maana anaanza kusahau. Lakini nguo za watu hizi zimenibana. Wewe una sikio jepesi. Ukiupata, nimepona."

Bibi aliishi na mama mdogo, mtaa wa pili. Chiriku alimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mikono imelala mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kunitania au umekuja kunisaidia?"

Chiriku akamweleza. Uso wa bibi ukachanua. Akaanza: *Tulia, mwana, tulia.* Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini imenyooka. Akafika kwa kuku, akafika mgongoni, akasita. Akarudi mwanzo. Akafika pale pale, akasita tena.

"Uko hapa," alisema, akigusa koo. "Naujua. Ila ukiuita hauji. Kaa, mama. Kaa tuzungumze mambo mengine, utakuja wenyewe."

Chiriku akakaa kidogo. Nje, wasichana wa mtaa ule walikuwa wakiruka kamba, na mmoja akamwita. Alimtazama bibi, ambaye alikuwa anatazama mbali akitafuta neno lake.

"Nitarudi kesho, bibi," alisema.

Kesho yake hakurudi. Wala kesho kutwa. Siku ya kumwimbia mwalimu nyimbo zilizoletwa ilipokaribia, Chiriku alikuwa njiani akitoka shule, akiimba ile mistari minne, na mdomo wake ukaendelea peke yake:

*Kesho sungura 'takuja*
*na ngoma yake begani,*
*paka atacheza mbele,*
*kuku atacheka nyuma.*

Ulikaa vizuri! Ulidunda! Chiriku alisimama barabarani, akashangaa jinsi maneno yalivyojipanga bila kusukumwa. Alipofika nyumbani alikuwa ameshaamua. Aliingia chumba cha mbele, akasema, "Mama, nimeupata," akauimba wote.

Alitarajia mama atacheka kwa ajili ya sungura. Mama hakucheka. Aliacha cherehani, akaziba uso kwa kipande cha kitambaa alichokuwa anashona, na mabega yake yakatikisika.

"Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaisha," alisema. "Kumbe ulikuwa na sungura! Miaka yote hii, mwanangu. Asante. Umeniondolea mzigo."

Chiriku alifungua mdomo aseme. Kwa mara ya kwanza tangu aitwe Chiriku, mdomo ulikataa.

Baba peke yake ndiye aliyekuna kidevu. "Sungura na ngoma," alisema. "Huu ni wimbo wa kumlaza mtoto au wa kumfukuza usingizi?" Lakini alichukua gitaa, akautafutia sauti, na baada ya muda mfupi nyumba nzima ilikuwa inauimba. Kifungo aliupiga kwenye sufuria mpaka jirani akagonga ukuta.

Ukumbini ulipendwa zaidi. Watoto waliruka kama sungura, wazazi walipiga makofi. Mwalimu alisimama kwa ncha za vidole mpaka watu wakadhani ataruka na yeye. Akaamua huo ndio utakuwa wimbo wa kufungia siku ya wageni, na Chiriku ndiye atakayesimama mbele na kusema ameupokea kwa nani.

"Na bibi tutamleta," mama alisema kwa furaha. "Aketi mbele kabisa."

"Bibi atachoka," Chiriku akasema haraka. "Na benchi ni gumu."

"Tutamwekea mto."

"Na kelele?"

Mama alimtazama, akampapasa shavu. "Jamani, una huruma wewe," alisema, na Chiriku akatamani ardhi ipasuke. Siku zile aliimba kidogo. Baba alimwuliza kama ana jino bovu.

Siku ya wageni ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka madirisha yakawa na watu. Walikuja akina baba wenye watoto mabegani, akina mama wenye watoto migongoni, bibi na babu wa watu wengine, na vijana waliojifanya wamepita tu. Nyimbo za injili zilianza. Muuza mkaa alifungua kinywa, karani wa posta akamfuata, mama wa duka akapanda juu yao, na sauti zile zikakutana chini ya paa la mabati na kuwa kitu kimoja kikubwa. Mtoto mmoja mgeni alitazama juu, akatafuta sauti inakotoka. Siku nyingine Chiriku angecheka kwa furaha. Siku hiyo alikuwa anaona mto mmoja tu, mwekundu, mbele kabisa, na bibi amekaa juu yake.

Zilipobaki nyimbo chache, bibi alimwita kwa kidole. Chiriku akachuchumaa karibu naye.

"Wameniambia utaimba wangu," bibi alisema. "Mimi nimefurahi, mama. Unajua siku hizi unanitoroka? Nautafuta siku nzima, siuoni. Nikajisemea, basi, umeniacha. Kumbe wewe unao." Alikamata mkono wa Chiriku kwa mikono yake miwili. "Uimbe taratibu. Mimi nitakuwa naujifunza upya."

Mpaka dakika ile Chiriku alikuwa anaogopa kwamba bibi atasema, "Huo si wangu." Sasa aliona jambo baya zaidi. Bibi hatasema hivyo. Bibi atauamini. Atakwenda nyumbani na sungura na ngoma yake, akidhani ndiye aliyewaimbia watoto wake, na ule wimbo wenyewe hautatafutwa tena na mtu yeyote duniani.

Mwalimu akamwita. Chiriku akasimama mbele. Watoto waliokuwa kwenye mikeka walikuwa tayari wameinua mikono juu ya vichwa kama masikio ya sungura.

"Wimbo huu," alianza, na sauti ikakatika. "Wimbo huu, mwanzo wake nimeupokea kwa bibi yangu. Mwisho wake sikuupokea kwa mtu. Nimeutunga mimi, njiani nikitoka shule. Bibi aliniambia nikae, mimi nikaenda kuruka kamba. Halafu nikamdanganya mama kwamba ni wa bibi. Na nyie wote."

Mikono ya sungura ikashuka mmoja mmoja. Baba aliweka kiganja juu ya nyuzi za gitaa zisitoe sauti. Chiriku hakuthubutu kumtazama mama. Alimtazama, hata hivyo, na mama alikuwa amesimama kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi.

Mwalimu hakumkemea. Alimgeukia bibi, akainama. "Bibi," alisema kwa heshima, "unaweza kutusaidia?"

Bibi alijaribu. *Tulia, mwana, tulia.* Ukumbi ulinyamaza kabisa. Jua, kuku, mgongoni. Akasita. Akajaribu tena. Akasita pale pale. Akatikisa kichwa. "Hauji, baba," alimwambia mwalimu. "Nisameheni. Umekwenda."

Chiriku alianza kulia kimyakimya. Na wakati ule ule, katika kimya kile, mtoto mchanga wa mgeni mmoja akaamka na kulia kwa sauti kubwa, kilio kile cha hasira kisichosikia samahani. Mama yake akasimama haraka ili atoke naye nje.

"Unampeleka wapi?" bibi akauliza, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Mlete hapa. Nipe kanga na huyo mtoto."

Walitazamana, kisha wakampa. Bibi akainama, mama na mama mdogo wakamshika huku na huku, mtoto akawekwa mgongoni, kanga ikafungwa. Bibi akanyooka. Mikono yake, iliyokuwa imelala mapajani muda wote, ikarudi nyuma na kuanza kumpapasa mtoto. Miguu yake ikaanza kuhama, mguu huu, mguu ule, polepole.

Na wimbo ukaja.

Ulikuja bila kuitwa. Jua likafunga kazi, kuku wakapanda fito, mtoto akafika mgongoni, na bibi hakusita. Alivuka pale ambapo ukoo mzima ulikuwa umelala, akaendelea, macho yake yametulia, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake mwenyewe:

*Sasa amelala, Bwana,*
*nikuambie na yangu:*
*mikono yangu midogo,*
*na usiku ni mkubwa.*

*Mshike nikisinzia,*
*mlee nisipokuwa,*
*na akiamka kesho,*
*anikute nikiimba.*

Yule mtoto mchanga alikuwa amelala, shavu limebonyea kwenye mgongo wa bibi. Muuza mkaa alikuwa amevua kofia yake. Chiriku alisimama mdomo wazi, machozi yakimtiririka, na hakukumbuka hata kuyafuta. Kwa hiyo ndivyo ulivyokuwa. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya mtoto. Sehemu ya pili haikuwa ya mtoto hata kidogo. Bibi alisubiri mpaka mtoto alale, ndipo akasema na Mungu. Ndiyo maana hakuna aliyeijua! Kila usiku, juu ya kichwa cha mama alipokuwa mdogo kama Kifungo, maneno haya yalikuwa yanasemwa, na yeye amelala.

Mama alikwenda kwa bibi. Aliweka paji la uso wake kwenye bega la bibi, akalia kilio kikubwa, cha wazi, mbele ya wageni wote.

"Unalia nini tena, na wewe?" bibi akamwuliza. "Nimeshambembeleza mmoja, nguvu za wa pili sina."

Hapo ukumbi ukacheka, pumzi zikashuka. Mwalimu, ambaye naye alikuwa amesahau kusimama kwa vidole, alimwomba bibi aurudie. Bibi alikubali kwa sharti kwamba mtoto asitolewe mgongoni. Akaimba tena, na baba akautafuta kwenye gitaa, kwa kidole kimoja tu, asije akaufunika. Mara ya tatu sauti ya kwanza iliingia, kisha ya pili. Mara ya nne ukumbi mzima ulikuwa unaimba, watu wazima kwa watoto, na maneno yale ya mwanamke mmoja peke yake usiku yalitoka katika vinywa vya watu wote pamoja. Chiriku alihisi sakafu inatetemeka chini ya nyayo zake.

Kisha bibi alimwita. Chiriku alikwenda akiburuta miguu.

"Bibi, nisamehe."

"Nimekusamehe. Haya, na huo wa sungura niimbie."

Chiriku alidhani amesikia vibaya. Lakini bibi alisubiri, kwa hiyo akauimba, kwa sauti ndogo, na bibi akacheka kwa ajili ya kuku anayecheka nyuma.

"Mzuri," alisema. "Ni wa watoto waliokataa kulala. Waimbie mchana. Na useme ni wako. Kwa nini unipe mimi kazi yako?"

Watu walipoanza kukunja mikeka, mama alimvuta Chiriku kando, karibu na kinanda. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Nimekasirika," alisema. "Nataka ujue hivyo. Nililia kwa ajili ya sungura wako, na wewe ukanitazama."

"Ndiyo, mama."

"Umefanya vizuri kusema, tena mbele za watu. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza. Lakini sikiliza. Uongo wako ulikuwa mtamu, na ubaya wake ni huo. Ungekuwa mbovu, ningekwenda kwa bibi siku ile ile kumwuliza tena. Kwa kuwa ulikuwa mtamu, nilitulia. Niliacha kutafuta. Sote tuliacha. Mtu anayesema 'sijaupata' anatuacha njiani bado tunatafuta, na siku moja tutafika. Mtu anayesema 'nimeupata' na hakuupata, anatufungia njia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi ukitumwa kitu na hujakipata, njoo useme hujakipata. Sitakupiga. Tutarudi wote wawili kukitafuta."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Nyuma yao, mama wa yule mtoto mchanga alikuwa amesimama akisubiri mtoto wake, na hakuonekana kuwa na haraka. Bibi bado alikuwa anahama mguu huu, mguu ule, akivumisha kitu kingine, wimbo ambao Chiriku hakuwahi kuusikia maishani mwake.

Chiriku alimtazama mama. Mama naye alikuwa amesikia.

"Huo ni upi?" Chiriku akanong'ona.

"Sijui," mama akasema. "Nenda ukamwulize. Na safari hii, ukae."

Chiriku akaenda, akaketi sakafuni miguuni pa bibi, akanyamaza na kusikiliza.